Tano Kwa Kila Swali

Isevya, Tabora
Jumapili, 12 Januari 2025

Advera, wamekutaja kanisani! Padri mwenyewe, kwa mdomo wake, hata kabla ya matangazo ya ndoa! Amesema binti wa Veneranda wa Isevya ameteuliwa na wakubwa kuwapima madaktari wa akili wa nchi hii, kuona kama yale mafunzo wanayopewa kila mwaka yanawaingia au yanavuja kama maji kwenye tenga. Kanisa zima likageuka kunitazama. Ni kweli ile karatasi nilimwandikia mimi Padri nikamwachia sakristia, lakini hakuruka neno hata moja, na hakuna aliyemlazimisha.

Sasa pokea salamu. Hujambo mwanangu? Kazi inakwendaje, na kifua chako cha baridi ya Dodoma? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeshaamua kuishi maisha yake.

Usinipigie simu. Spika yake imeharibika, nasikia kama mtu aliyetumbukia ndani ya mtungi. Tuandikiane. Mimi ni darasa la saba la zamani, lile la kufundishwa mwandiko. Mwalimu alikuwa akiinua daftari langu darasa zima litazame. Barua nampa dereva wa basi, anakupa wewe stendi, mambo yamekwisha.

Mdogo wako Damas hajambo kabisa. Yuko Ipole kwa mjomba wako Nestory, anafuga nyuki. Amepona, Advera. Ungemwona anavyopanda miti kutundika mizinga! Hilo dumu la asali ni yeye amekutumia, amesema, "Mpe dada daktari, aonje kazi ya mikono yangu." Wagawie na wenzako hapo kazini, wajue kwetu si watu wa kuomba.

Ukimaliza kuwasahihisha hao madaktari nitafanya sherehe hapa uani. Kuku, wali, viti vya kukodi vyenye vitambaa. Koleta jirani, yule ambaye mwanawe wa benki ndiye mtu wa kwanza kuzaliwa Tabora, nimeshamwahidi kiti cha mbele ili aone vizuri. Siku nitaitaja mimi.

Mungu akulinde kuanzia utosi mpaka kisigino.

Mama yako,
Veneranda


Dodoma
26 Januari 2025

Shikamoo mayu, mama yangu,

Natumaini hujambo na goti limepunguza ukaidi. Mimi mzima. Asali imefika. Niliionja nikiwa nimesimama pale pale stendi, kwa kidole, kama mtoto. Halafu nimefanya ulivyosema, nimewagawia wenzangu. Nimewaambia imetoka kwa mdogo wangu aliyeugua akiwa na miaka kumi na tisa, na kwamba leo anafuga nyuki. Mama, wewe unajua kwa nini nilisomea kazi hii. Sijawahi kumtaja Damas kazini bila sauti kubadilika. Safari hii haikubadilika.

Padri amekuza kidogo, au mwandishi wake. Siwasahihishi madaktari. Iko hivi: daktari wa akili lazima aendelee kujifunza, la sivyo leseni yake haihuishwi. Kwa hiyo kuna mradi unaowaita hotelini kwa semina, mara nne kwa mwaka, wiki kadhaa kila mara, wanapewa pointi na cheti. Kila mwisho wa semina wanafanya mtihani, na kila mwisho wa semina wanafaulu. Wafadhili wanataka kujua kama waongeze miaka mitatu mingine. Mimi ndiye kiongozi wa tathmini.

Nikawaambia: mtihani wa hotelini unatuambia daktari anajua nini. Hautuambii anafanya nini akirudi kwenye benchi la wagonjwa. Tukawaulize mama za wagonjwa, waume zao, dada zao. Nikatunga maswali manane kwa Kiswahili cha kawaida. Je, daktari alikueleza dawa inaweza kumletea mgonjwa shida gani? Je, alikuuliza wewe unalalaje? Je, aliwahi kuuliza kama mgonjwa amefungwa? Mtu anatoa alama, moja mpaka tano. Mmoja kikaoni akacheka, "Dokta, ndugu wa wagonjwa watajua nini?" Nimepigania maswali hayo miezi minne. Nimeweka jina langu chini ya kila karatasi.

Watauliza Tabora pia, mwezi wa tatu, kwenye kliniki ya Jumanne. Mimi sitakuja, si vizuri nionekane huko. Nakuomba kitu kimoja: mwambie Damas aniandikie mistari miwili. Hata mmoja.

Mwanao,
Advera


Isevya, Tabora
Jumatano, 19 Machi 2025

Umefaulu! Usiniulize nimejuaje, mama ana macho mengi. Umefaulu vibaya sana, mwanangu, Tabora yote hakuna chini ya tano!

Salamu zifuate nyuma. Hujambo? Sisi wazima. Mvua imetupa mahindi ya kuchoma mpaka tunawapa mbuzi wa Koleta.

Jana nilikuwa nampeleka mtu mmoja kliniki, nikakuta dada wawili wa chuo wameleta karatasi zako. Wapole, lakini wachovu wa safari, maskini, wanatazama saa tu. Mimi nikaona jina: Dkt. Advera, na la baba yako nyuma yake, limepigwa chapa! Nikasimama pale benchini nikasema, "Jamani, huyu aliyeandikwa hapa chini nimemzaa mimi." Wakasema, "Acha, Veneranda!" Nikasema, "Mtihani huu ni wake. Mtu akitoa mbili, amempiga mwanangu kofi."

Apolinaria, mwanamke mmoja wa pale, akauliza, "Sasa mimi daktari hajawahi kuniuliza habari za usingizi wangu. Niseme nini?" Nikamwambia, "Leo umelala?" Akasema, "Nimelala." "Basi andika tano." Benchi zima lilicheka mpaka mlinzi akaja.

Wasiojua kusoma niliwasaidia. Wale dada walifurahi, wakaenda kunywa soda. Mwandiko wangu bado haujafa, Advera.

Damas anasema mikono yake imevimba kwa kuumwa na nyuki, ataandika ikipona.

Koleta ameanza kuniuliza sherehe lini. Nimemwambia asubiri, mimi ndiye mwenye kuitaja siku.

Mungu akulinde kuanzia utosi mpaka kisigino.

Mama yako,
Veneranda


Dodoma
30 Aprili 2025

Shikamoo mama,

Sikuulizi habari za huko, kwa sababu utanijibu nzuri.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliisoma mbio mbio nikiwa Mbeya kwenye kazi hii hii, nikacheka, nikadhani umetia chumvi kama kawaida yako. Sasa karatasi za Tabora ziko mbele yangu. Ni thelathini na moja. Kumi na tisa zimeandikwa kwa mkono mmoja. Tano ina mkia mrefu unaopinda kushoto, kama ile iliyo juu ya barua zako. Nimeziweka pamoja mezani, barua zako huku, karatasi zangu kule, kama mtu anayetafuta mwizi.

Lakini si hilo linaloniandikisha leo. Ni karatasi namba ishirini na tatu. Haina jina, zote hazina majina, zina namba tu za orodha ya kliniki. Inasema: mgonjwa mwanamume, miaka ishirini na tisa. Kata ya Isevya. Anaishi na mama yake. Ameanza kliniki miaka miwili iliyopita. Alama ni tano, tano, tano, mpaka mwisho. Na pale pa maoni kuna mstari mmoja: "Madaktari ni wazuri sana. Mungu awalinde kuanzia utosi mpaka kisigino."

Nimeomba kumbukumbu za kliniki za mgonjwa namba 23. Mara ya mwisho kuchomwa sindano ilikuwa Oktoba. Zaidi ya miezi sita iliyopita.

Mama, mimi nimewalisha watu asali. Damas yuko wapi?

Advera


Isevya, Tabora
Alhamisi, 8 Mei 2025

Mwanangu Advera,

Salamu. Nimeandika na kuchana mara tatu. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Ile asali niliinunua sokoni.

Damas hakuwahi kufuga nyuki. Ulipokuwa unasoma kwamba yuko Ipole, alikuwa chumba cha nyuma, na mlango nimeufunga kwa nje. Simu yangu haina ubovu wowote. Niliogopa ungesikia anavyopiga kelele. Koleta anasikia, ukuta wetu ni mmoja, na ndiyo maana ya kiti cha mbele. Nilikuwa namnunua.

Nilimpeleka kliniki mwaka juzi alipozidiwa. Pale benchini tuna desturi yetu: tukikutana mjini hatusalimiani. Mtu unamjua, mwanawe mmesubiri naye asubuhi nzima, lakini sokoni unatazama nyanya. Nikasema hapa siri yangu itakaa. Maana watu wangesemaje? Daktari wa vichaa Dodoma, na wa tumbo moja naye ni kichaa, ameshindwa kumponya! Nilikuwa nalinda jina lako. Ndivyo nilivyojiambia.

Daktari wa kliniki yetu, Octavian, ana vyeti vinne ukutani, vyenye fremu. Ni mtu mzuri, hana matusi. Ila Jumanne nyingi hayupo, yuko semina. Akiwepo anatuita wawili wawili, anaandika kichwa kimeinama, anasema, "Endelea na sindano." Damas alipochomwa ile ya mwezi wa kumi, shingo ilipinda ikabaki imepinda, ulimi nje, mate yanamchuruzika, analia anasema, "Mama, wamenitia waya." Nilirudi Jumanne mbili, daktari yuko semina. Nikasema basi, dawa gani hii ya kumkunja mtu kama shati. Nikaacha. Shingo ikanyooka. Kichwa kikaharibika.

Siku ya karatasi zako nilikwenda peke yangu, nilikuwa bado kwenye orodha yao. Kile kipande cha "nampeleka mtu mmoja" nilikutungia. Lile swali la sita, kama daktari aliwahi kuuliza mgonjwa amefungwa, nililisoma mara mbili. Ufunguo wa chumba ulikuwa kwenye khanga yangu, naugusa kwa mkono huu, na kwa huu naandika tano. Nilikuwa nimeona jina lako hapo chini. Sikuona kingine.

Sasa ndiyo yuko Ipole kweli. Ijumaa Kuu alivunja mlango, akatoka bila nguo mpaka njia ya kanisani. Nestory akasema kuna mganga huko anatuliza watu. Tukampeleka. Amemtia mguu kwenye gogo, wametoboa tundu, wamepigilia msumari. Njia tuliyopita ni ile ya zamani ya misafara. Bibi yangu alikuwa akisimulia watu walivyopitishwa huko na miti shingoni. Nilisikia hadithi ile utoto wangu wote, nikawa nawalaani waliofanya vile. Halafu nimekwenda na mwanangu mwenyewe, kwa bodaboda mbili.

Usinichukie upesi. Chukua muda.

Mungu akulinde kuanzia utosi mpaka kisigino.

Mama yako,
Veneranda


Dodoma
22 Mei 2025

Mama,

Shikamoo.

Kwanza, acha hiyo baraka. Usiniombee kisigino changu wakati cha Damas kimo kwenye gogo.

Pili, nataka ujue jambo moja, na nataka likuume. Kuna kidonge kidogo cheupe. Kinapewa pamoja na ile sindano. Kingeinyoosha shingo ya Damas, pengine ndani ya siku moja, na asingeacha dawa. Hicho kidonge ndicho somo la siku ya kwanza ya semina. Nimeutafuta mtihani wa Octavian. Swali la kidonge amepata.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, mama. Hicho hasa. Mtu anayejua hotelini na asiyefanya benchini. Nilitunga maswali manane ili mwanamke kama wewe aandike moja mara nane, kwa mkono wake, na wakubwa wasiwe na pa kukimbilia. Mwanamke kama wewe akaandika tano, akazunguka na kuwaandikia wengine.

Niliingia kikaoni na karatasi zile nikasema, "Huu ni mwandiko wa mama yangu. Tabora ifutwe, ikaulizwe upya." Kisha yule yule aliyewahi kucheka akasema, "Dokta, mama ameridhika, wewe unalalamika nini?" Wakacheka wote. Tabora imetoka ya kwanza kati ya mikoa yote. Octavian atapewa tuzo, na sasa atakuwa anawafundisha wengine, kwa hiyo hata zile Jumanne chache alizokuwa anakuja hamtamwona. Mimi nimeondolewa kwenye uongozi wa tathmini. Wamesema nina maslahi ya kifamilia. Na ni kweli.

Wameniachia mlango mmoja, nadhani kwa kunionea huruma. Mpaka tarehe 20 Juni, ndugu wale wale wakijitokeza wenyewe, mbele ya shahidi asiye wa familia yangu, wakasema majibu yao hayakuwa ya kweli, Tabora itafunguliwa upya. Tarehe hiyo ikipita, ripoti inapigwa muhuri, na mafunzo yanaendelea hivi hivi miaka mitatu. Hoteli, pointi, fremu.

Sijui kwa nini nakuandikia hayo. Nani wa benchi lile atakubali kuonekana mchana kweupe akisema, mimi nina mgonjwa nyumbani na nilidanganya? Hamsalimiani hata sokoni.

Kwa hiyo nakuomba dogo. Mtoe Damas kwenye gogo. Mpaka hapo sitakuja Isevya, na usiniandikie. Nikiona barua yako stendi, nijue mguu wake umetoka.

Advera


Isevya, Tabora
Alhamisi, 5 Juni 2025

Nimeandika, kwa hiyo umetoka.

Hujambo, Advera? Mimi siulizi ili unijibu.

Barua yako niliipata Jumamosi, Jumapili alfajiri nilikuwa Ipole. Mganga alitaka amalize siku arobaini. Nikamwambia, "Mimi nimesoma mpaka la saba, najua kuhesabu, na siku zako zimekwisha." Nestory akaleta msumeno anaokatia mizinga, akakata gogo huku analia kama mtoto. Damas alinitazama. Amekonda, ndevu mpaka hapa. Nikadhani atanitukana. Akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa unanipeleka kufungwa wapi?"

Nilimpandisha bodaboda, tukaenda moja kwa moja hospitali.

Mguu ulikuwa umeoza kuanzia kifundo mpaka vidole. Hospitali wamevikata vidole viwili, wanasema kama hakutakuwa na homa, mguu wenyewe utabaki. Wamemchoma sindano tena. Safari hii nilimwambia muuguzi, dada mmoja anaitwa Bernadeta, "Na kile kidonge kidogo cheupe?" Akanitazama, "Nani kakwambia?" Nikasema, "Mwanangu." Akakileta. Kilikuwa kwenye droo, Advera. Muda wote kilikuwa kwenye droo. Shingo haijapinda. Juzi amekula ugali sahani nzima akaomba mwingine.

Sasa habari ya benchi. Nimebisha milango ya wenzangu thelathini, mchana, jua la saa sita, kila mtu akiona. Mwenye goti hili. Wengine walinifungia. Mmoja alinitimua, "Wewe si ulisema ni mtihani wa mwanao? Umefeli, unataka tufeli wote?" Nikamwambia ndiyo, nataka tufeli wote. Mmoja amehamia Lusu kule Nzega, nimempigia simu hii hii nzima, amesema atakuja na basi. Ishirini na sita wamekubali. Watatu wamekataa.

Apolinaria hajajibu. Yule niliyemuuliza kama amelala. Binti yake alitoka nyumbani mwezi wa nne, dawa zilikuwa zimekwisha na daktari yuko semina. Hajaonekana mpaka leo. Nilikaa kizingitini kwake muda mrefu. Aliniletea maji, nikanywa, akachukua kikombe akaingia ndani. Nimemwekea kiti.

Shahidi atakuwa mwalimu Ezekia, mstaafu, si ndugu wala si rafiki, tuligombana naye habari ya mpaka wa shamba. Nimeona huyo ndiye hasa. Hatanipendelea.

Jumapili iliyopita nilimpelekea Padri karatasi nyingine. Aliisoma kwanza peke yake, akanivuta pembeni, "Mama Advera, una hakika?" Nikamwambia asiruke neno. Akasoma. Kwamba mimi, Veneranda wa Isevya, nina watoto wawili, mmoja daktari wa akili na mmoja mgonjwa wa akili, na yule mgonjwa nilimficha kwa ajili ya yule daktari, na karatasi za watu nilizijazia uongo. Kanisa zima likageuka kunitazama. Koleta alikohoa. Halafu baada ya misa akanifuata mpaka nyumbani akasema, "Hivyo viti vya kukodi, mimi nitalipia nusu. Ila kiti cha mbele sikitaki." Nikamwambia kina mtu tayari. Atakaa Damas, kama watamtoa wodini. Kama hawatamtoa, kitakaa kitupu hapo hapo mbele, watu wakione.

Wewe waambie hao wakubwa, au usiwaambie, njoo tu na karatasi tupu thelathini na moja. Na kalamu ya kila mtu. Wasiojua kusoma wasomewe mmoja mmoja na mwalimu Ezekia. Mimi sitashika kalamu ya mtu. Nitachota maji, nitatandaza mikeka, ikifika zamu yangu nitajibu swali la sita.

Ukija, jua sitakukumbatia mpaka wewe unianze. Usipokuja, karatasi tutachora wenyewe, tutazituma kwa dereva wa basi, na zitafika kabla ya tarehe yako ya 20.

Kuku hakuna, wali upo. Ile siku niliyokuwa nasema nitaitaja mimi, naitaja. Nimewaambia wote, wa benchi, wa kanisani, wa ukuta mmoja, na waliokataa nao nimewaambia: Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, hapa uani kwangu.

Mama yenu,
Veneranda